Tatizo sio umri wa gari, tatizo tunabadilisha spea bila kupima

Mhariri, habari za kazi.

Wiki iliyopita mlichapa barua ya msomaji aliyekasirika kwamba mikweche inazima barabarani asubuhi watu wanachelewa makazini, akashauri magari yote ya kabla ya mwaka 2000 yapigwe marufuku. Niliisoma nikiwa nasubiri maharage yaive nikacheka peke yangu, maana mkweche wenyewe ulikua umepaki nje hapo, Corolla 110 ya mwaka 1998, na alfajiri ile uliwaka kwa funguo moja tu ukanipeleka soko la Kingalu ukanirudisha na magunia mawili ya mkaa. Sikatai kwamba magari yetu yanazima njiani, yanazima sana. Ila sikubali kwamba ni uzee. Gari nyingi zinazima kwa sababu ugonjwa wake haukuwahi kupimwa, mtu alibahatisha tu, na nina ushahidi wa laki tano na ushee uliotoka kwenye mfuko wangu mwenyewe.

Mimi sio fundi. Nina mgahawa mdogo hapa Morogoro, napeleka vyakula maofisini na kwenye site za ujenzi huko Kihonda, kwahiyo gari ikigoma saa tano asubuhi ubwabwa wa watu unapoa na wateja wananuna.

Ilianza hivi. Mwaka jana kipindi cha masika nikawa nageuza funguo asubuhi nasikia TAK, basi, kimya. Narudia, tak. Mara ya nne au ya tano inawaka kama haijawahi kuumwa. Nikaenda gereji ya kwanza, fundi akafungua boneti akachukua spana akaigusisha kwenye vichwa viwili vya betri ikaruka cheche, akaniangalia akasema mama betri hii imekwisha. Hicho ndo kilikua kipimo, cheche. (Na ni hatari kwelikweli, betri inayochajiwa inatoa hewa inayoweza kulipuka, usikubali mtu afanye hivo mbele yako.) Betri mpya laki na themanini. Ikakaa wiki tatu, TAK ikarudi.

Gereji ya pili wakasema alteneta, ile inayochaji betri injini ikiunguruma, haichaji. Yule naye alikua na kipimo chake, gari ikiwa inaunguruma akachomoa kichwa cha hasi cha betri, injini ikatetemeka ikazima, akasema si umeona mama, ingekua nzima isingezima. Nikaona kweli ina mantiki, nikatoa laki na nusu ya alteneta ya mtumba na elfu thelathini ya ufundi. Baadae nimejifunza kwamba kile sio kipimo ni uharibifu, betri ndo inayotuliza umeme wa alteneta, ukiichomoa gari inaunguruma volti zinaweza kuruka juu ghafla zikaua dayodi za alteneta au kontroli boksi (kompyuta ya injini), alafu unaambiwa tena kontroli boksi imekufa, na hapo kweli itakua imekufa maana wameiua wenyewe.

Katikati ya hayo yote waya wa akseleta ukawa mzito, ukikanyaga unashika kama una mchanga ndani. Ukabadilishwa, elfu ishirini na tano, hakuna aliyejiuliza kwanini. Naomba mkumbuke huo waya nitaurudia. Mwisho wakanibadilishia stata, ile mota inayozungusha injini iwake, laki na thelathini na elfu ishirini ya mkono. TAK ikapumzika siku nne ikarudi.

Siku yenyewe ilikua ya oda ya watu sitini, ubwabwa na kuku viko kwenye buti, manyunyu yanashuka, nageuza funguo, tak. Nikakaa kwenye usukani nikataka kulia kabisa. Alafu nikamkumbuka marehemu baba. Baba alikua fundi redio, zile redio za mbao na baadae za mkulima, na aliniachia mita yake ya kupimia umeme ile yenye mshale, nimeifunga kwenye kanga iko kabatini miaka yote hiyo. Alikua ananiambia nikiwa darasa la tano, umeme ni kama maji kwenye mpira, yakitoka bombani yasifike kwenye ndoo usilaumu bomba wala ndoo, fuata mpira uone umekunjwa wapi. Nikaingia ndani nikaichukua, nikamwita mwanangu akae kwenye funguo.

Kwanza sikutumia hata hiyo mita. Niliwasha taa kubwa nikamwambia geuza. Taa hazikufifia hata kidogo. Hapo ndo nikashtuka, kwasababu betri ikiwa dhaifu stata inapovuta umeme taa zinakufa macho au zinakua nyekundu kama mshumaa, hizi zangu zilibaki zinawaka vilevile maana yake stata haikua inavuta kitu cha maana. Nikaweka mita kwenye betri, mshale ukasimama kwenye 12 na ushee, akageuza funguo ukashuka kidogo tu. Kwahiyo bomba lina maji.

Sasa nikachukua ncha moja nikaiweka kwenye risasi yenyewe ya kichwa cha hasi, sio kwenye kile chuma kinachobana, ile risasi ya betri yenyewe, na ncha ya pili nikaigandamiza kwenye chuma cha injini sehemu niliyokwangua na kisu. Geuza. Kama waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, ni mzima mshale unatakiwa ujongee kidogo sana, hata nusu volti usifike. Wangu uliruka mpaka karibu na tano. Volti tano kati ya kumi na mbili zinapotelea kwenye waya mmoja ambao hauzidi urefu wa mkono! Stata ilikua inabakiwa na saba hivi, itazungusha nini na saba.

Tukaufuata ule waya unapotoka kwenye betri unashuka kwenda kwenye giaboksi. Kwa juu mpira wake mzuri tu hauna kasoro. Kule chini kwenye boliti kuna kutu na oili na matope ya miaka, na nilipoukunja karibu na ile pete yake ukalia kama biskuti, nikachana mpira na kisu ndani mmejaa unga wa kijani, nyuzi za kopa zilizobaki nzima hazifiki hata robo. Elfu kumi na mbili nikanunua mwingine, tukasugua chuma na msasa mpaka kikang'aa tukafunga. Gari ikalia mara moja. Mpaka leo naandika hii barua haijawahi kusema tak tena.

Na ule waya wa akseleta? Umeme wa stata ulipokosa njia kubwa ya kurudi kwenye betri ulitafuta vichochoro, na waya wa akseleta ni chuma kinachoungana na injini huku na bodi kule, kwahiyo kila nikipiga stata ulikua unapitisha umeme ambao haukutengenezewa, unapata moto, plastiki ya ndani inayeyuka. Yaani gari ilikua imeshasema ugonjwa wake miezi miwili kabla, kwa lugha ambayo hakuna aliyetaka kuisikiliza. Ukikuta waya wa akseleta au wa klachi umeungua bila sababu, angalia ethi kwanza.

Baada ya hapo nikanunua mita ya namba, elfu ishirini na tano tu, na kwa kweli hakuna kifaa cha jikoni kwangu kinachonisaidia kuzidi hiki labda presha kuka. Naomba niwape namba chache wasomaji wazikate wazibandike kwenye dashibodi. Gari imelala usiku kucha haijawashwa, betri nzima iliyojaa inasoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.0 hiyo ina njaa, ichaji kwanza ndo uihukumu. Unapopiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi. Gari ikiunguruma isome kati ya 13.8 na 14.5, hata ukiwasha taa na feni ya ndani. Ikibaki kwenye 12 na inashuka taratibu ndo useme haichaji, na hata hapo angalia kwanza mkanda umelegea au fyuzi imekatika au kaboni za alteneta zimeisha, kaboni ni bei ya soda mbili tatu na alteneta nzima ni laki na nusu. Ikipita 15 ujue inachaji kupita kiasi, betri itachemka na kunuka kama yai viza.

Kuna na ile ya betri kulala inaamka imekufa wakati alteneta inachaji vizuri. Jirani yangu ana teksi alikua anasukumwa kila asubuhi na watoto wa shule, wamemzoea mpaka wanamsubiri getini. Tulizima kila kitu, tukafungua kichwa cha hasi tukaiunganisha mita katikati ya waya na betri upande wa ampia kumi (ukifanya hivi USIPIGE stata, utaunguza fyuzi ya mita palepale), tukasubiri dakika kadhaa. Gari ya zamani ikilala inatakiwa ivute chini ya ampia 0.05 hivi, saa na kumbukumbu ya redio tu. Yake ilikua inakula 0.6, ambayo kwa saa kumi na mbili za usiku ni kama robo ya betri ndogo ile imeondoka, kwa betri iliyochoka ndo kwaheri. Tukawa tunachomoa fyuzi moja moja tunaangalia namba. Ilipochomolewa ya redio na taa za ndani, namba ikadondoka. Kumbe taa ya buti, swichi yake imekwama inawaka usiku kucha humo gizani, nani ataiona buti ikiwa imefungwa.

Sasa nije kwenye kuchemsha, hapa nina hasira kidogo. Ukipeleka gari inachemsha gereji nyingi kitu cha kwanza wanatoa themostati wanakwambia hii ni ya nchi za baridi, huku kwetu joto haina kazi. Sio kweli jamani. Themostati inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, nyingi za Toyota za zama hizi zinafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa injini inakaa ubaridi muda mrefu, sensa ya maji inaiambia kompyuta bado baridi ongeza petroli, gari inakunywa mafuta kama ngamia na wewe unalaumu sheli. Mimi ya kwangu niliipima kwenye sufuria. Nikaifunga uzi nikaining'iniza kwenye maji jikoni isiguse chini, wateja wananiuliza mama hiyo leo ni supu ya nini. Maji yalipoanza kutoa vile vipovu vidogo vya pembeni, kabla ya kuchemka kabisa, ikafunguka taratibu kama mdomo wa samaki. Nzima. Ingekua imegoma kufunguka maji yanachemka ningeitupa ninunue nyingine, sio kuacha tundu.

Ugonjwa wangu wa kuchemsha ulikua ni feni. Gari ikienda barabara kuu haina shida, ikisimama foleni Msamvu mshale unapanda. Hiyo ni dalili tosha, ukitembea upepo unafanya kazi ya feni, ukisimama feni yenyewe ndo inatakiwa. Ikichemsha ukiwa kasi kwenye mlima hapo fikiria rejeta imeziba au maji hayazunguki. Kwenye hizi Corolla ukichomoa soketi ya swichi ya joto ya feni, funguo ikiwa on, feni inatakiwa izunguke hata injini ikiwa baridi. Yangu haikuzunguka. Tukaipa umeme wa moja kwa moja toka kwenye betri ikazunguka, kwahiyo mota nzima, tukarudi nyuma tukakuta relei (swichi ya umeme inayowasha feni) imeungua. Dakika kumi na tano. Mfuniko wa rejeta nao msiudharau, ule unashikilia presha na presha ndo inafanya maji yasichemke mapema, mpira wake ukipasuka maji yanaondoka kidogo kidogo huoni hata yanapoenda. Na usiufungue huo mfuniko injini ikiwa moto, nimemuona mtu aliyeungua uso sitaki kusimulia.

Ila ukikuta oili imekua rangi ya chai ya maziwa, au ukiwasha asubuhi injini baridi mfuniko wazi unaona mapovu yanapanda mfululizo kwenye rejeta, hapo acha kuzungusha, gasketi ya hedi inaweza kua imekwenda na kila kilomita unayoongeza unaongeza bili.

Kumisi, yaani silinda moja inalala haifanyi kazi. Gari inatetemeka kwenye sailensa (injini inaunguruma hujakanyaga akseleta) kama mtu mwenye homa, na hapa ndo utaambiwa nunua plagi, nunua nyaya, nunua distribyuta, nunua pampu, kwa mpangilio huohuo. Injini ina silinda nne, kwanini usijue kwanza ni ipi inayolala? Chomoa soketi ya nozeli (zile zinazopulizia petroli kwenye silinda) moja moja injini ikiwa sailensa. Ukichomoa ya silinda nzima injini inazidi kuyumba, ukichomoa ya ile mgonjwa hakuna tofauti, umeshampata. Hamisha plagi yake peleka jirani, ugonjwa ukihama na plagi basi ni plagi, ukibaki hapo angalia waya, alafu nozeli, alafu kompresheni (mgandamizo wa silinda). Nyaya za plagi zilizochoka zina siri yake, fungua boneti usiku pawe giza totoro injini inaunguruma, utaona vicheche vya bluu vinacheza juu ya nyaya kama vimulimuli. Usiziguse, ule ni umeme wa maelfu ya volti. Na plagi zenyewe zinasema, nyeusi kavu kama sizi la chungu petroli imezidi, mbichi ya oili injini inapitisha oili, nyeupe sana inaungua moto kupita kiasi, kahawia kama ganda la karanga hiyo ni afya.

Kitu kingine, nimeambiwa mara tatu na mafundi tofauti kwamba gari za zamani hazipimiki na kompyuta. Zina kompyuta, ila zinaongea kwa kukonyeza. Kwenye hizi Corolla chini ya boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS, ndani kuna matundu yenye majina kwenye mfuniko. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha funguo bila kupiga stata, unahesabu taa ya injini kwenye dashibodi inavyokonyeza. Ikikonyeza mfululizo sawasawa bila kupumzika hakuna kosa. Yangu ilikonyeza mbili, ikapumua, mbili tena, yaani 22, hiyo ni mambo ya sensa ya joto la maji. Sio kwamba sensa imekufa, hapo ndo watu wanakosea, namba inakwambia mtaa sio nyumba. Mimi soketi yake tu ilikua imeoza mguu mmoja. Kuweni makini matundu msiyachanganye.

Milio na moshi siwezi kuvimaliza hapa. Kwa kifupi moshi wa bluu inakula oili, mweusi inakula petroli kupita kiasi, mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni maji. Ka-ka-ka ukikata kona mpaka mwisho ni joint ya CV kwenye ekseli za mbele, mvumo unaokua na mwendo na kubadilika ukiyumba kushoto kulia angalia beringi za tairi. Breki sizungumzii, breki usijifunze kwa barua ya mpika ubwabwa.

Na mimi nina kosa langu nakubali. Nilikua nafika gereji nasema nibadilishieni betri, nibadilishieni stata, kama mgonjwa anayemwagiza daktari sindano. Siku hizi naeleza dalili tu: imetokea asubuhi, ilikua imenyesha, taa hazikufifia, ililia mara moja sio tak-tak-tak-tak mfululizo (mfululizo mara nyingi ni betri kuishiwa au vichwa vichafu, moja peke yake ni stata au nyaya zake). Alafu nanyamaza. Fundi atakayechukua mita ndo fundi wangu, atakayeanza kutaja bei ya spea naaga kwa heshima. Nimempata kijana mmoja hapa mtaani, ana kisanduku kidogo tu cha zana, lakini kabla hajagusa spana anauliza maswali kama polisi. Anatoza elfu kumi ya kupima hata kama hajabadilisha kitu, na watu wanamlalamikia eti analipwa kwa kuangalia. Jamani, kuangalia ndo kazi yenyewe.

Kwahiyo Mhariri ombi langu, kurasa za magari mnatuonesha gari mpya za mamilioni ambazo wasomaji wengi tutazipanda labda kwenye harusi ya mtu. Tengeni hata robo ukurasa kwa wiki, ugonjwa mmoja, namna ya kuupima, na vifaa vya bei ya kawaida. Na yule msomaji aliyekasirika mimi simlaumu, mwambieni siku akiniona nimesimama Msamvu apige honi mbili, nikiwa natoa mvuke ana haki ya kunitukana.

Halafu ile alteneta yangu ya kwanza niliyoambiwa imekufa nilikua nimeihifadhi chini ya meza ya jikoni. Yule kijana aliifunga kwenye ile teksi ya jirani mwezi uliopita yake ilipokufa kweli, mita ikasoma 14.2. Nimemuuzia jirani elfu themanini. Stata bado ipo, nayo nzima, anayeihitaji aje mchana ale kwanza.

Mama wa mgahawa,
Morogoro.